Chumvi Kwenye Tanuri la Baba

Pale Kiwalani, kwenye banda ambalo baba yangu alisubu masufuria kwa zaidi ya nusu ya umri wake, lilikuwepo neno ambalo mtu mmoja tu aliruhusiwa kulitamka. Neno lenyewe ni "imeiva." Alminiamu ikishayeyuka chunguni watu wote hunyamaza, hata wale wanaobishana mpira, wanamsubiri mwenye tanuri aseme. Akisema, wawili wenye migongo mizima wanakinyanyua chungu kwa makoleo marefu na kumimina kwenye kalibu za mchanga. Asiposema, hakuna anayegusa kitu. Sheria hiyo haikuandikwa popote, lakini ukimsikia mtu mwingine anasema "imeiva" kwenye banda lile, jua mwenye tanuri amekufa au amestaafishwa.

Baba hakuwa amekufa. Alikuwa anapoteza macho.

Zilianza kupotea rangi, maumbo yakafuata. Kwa msubu hilo ndilo balaa, maana kazi yake yote ni kutazama. Chungu kikiwa chekundu cha kukoza, bado. Kikielekea rangi ya papai, ndiyo saa yake. Kikizidi hapo, alminiamu inavuta hewa na sufuria linatoka na vitundu visivyoonekana mpaka siku ya kupika. Daktari alimwambia kwamba moto wenyewe umemla jicho kwa nyuma, mahali ambapo hapashonwi wala hapabadilishwi, na kwamba akiendelea kuutazama atamaliza hata kile kidogo kilichobaki. Baba akamjibu, "Nimekusikia, daktari," kesho yake akaenda kazini. Mimi ndiye niliyemshika mkono siku ile kushuka ngazi za hospitali. Mama alijua, mimi nilijua. Pale bandani hakujua mtu, na baba alituapisha tusiseme.

Lakini masufuria hayakuapishwa. Ndani ya mwezi mmoja yalirudi matatu, yale makubwa ya shughuli, yanayopika pilau la msiba mzima. Moja lilivujia motoni mbele ya wafiwa, wakabaki kuhamisha wali kwenye ndoo. Mshirika wa baba, mtu ambaye namwita baba mdogo ingawa hatuna damu moja, aliyapanga yote matatu mlangoni ili baba akifika ayakute. Baba hakuyaona. Aliligonga la kwanza kwa mguu, likalia, ndipo akasimama.

"Kaka, hizi kazi zako hizi," baba mdogo akasema. "Mie sitaki kukuvunjia heshima. Ila watu wanasema."

"Watu gani?"

"Waliokula wali wa kwenye ndoo."

Hakuwa mtu mbaya, na nasema hivyo leo kwa sababu siku ile nilimchukia. Alikuwa na haki ya kuogopa, maana jina la banda lilikuwa pia jina lake. Akasema likirudi jingine moja, yeye ndiye atakayekuwa anasema "imeiva," na baba atakaa kivulini kupokea wateja. Baba aliambiwa hayo mbele ya watu, mimi nikiwa nimesimama pembeni na kikapu cha chakula alichonituma mama. Alinawa, akala wali wake wote. 

Sasa niseme kazi yangu, kwa sababu watu wakisikia "mtafiti" hudhani nakaa kwenye kiti kinachozunguka. Nilikuwa msaidizi kwenye maabara ya chuo, na kwa miaka minne tulikuwa tunatengeneza vitambuzi vya joto kali. Unachukua kipande cha fuwele kidogo kuliko ukucha wa kidole cha mwisho. Juu yake unalaza utando wa platinamu, mwembamba kiasi kwamba ukipangusa kwa kidole umeupoteza, uliochongwa kama meno ya vitana viwili vinavyokutana. Ukiipigia fuwele mawimbi ya redio kwa mbali, meno yale yanaitikisa, na mtikisiko wa sauti ambao sikio haliusikii unasafiri juu ya uso wake na kurudi. Joto likipanda, mwendo wa mtikisiko unabadilika. Ukipima mwendo umejua joto. Kitambuzi hakina betri wala waya unaotoka nje. Kinakaa ndani ya moto, wewe umekaa na kipokezi chako pembeni unasoma.

Fuwele ya saa ya mkononi hufa mapema kwenye moto kama huo. Ya kwetu ilikuwa ya aina nyingine, inayostahimili. Shida yetu ilikuwa utando. Platinamu haiyeyuki kwa joto lile, ila ikichoka hujikusanya vitone vitone, kama maji kwenye kikaango chenye mafuta, meno yote yanakatika na kitambuzi kinakuwa bubu. Tuliichanganya na metali nyingine, tukaitandika kwa tabaka za kauri, mpaka ikatulia. Kwenye maombi ya mradi tuliandika kwamba ni kwa ajili ya injini za ndege na mitambo ya gesi. Kiwalani haikutajwa na yeyote, ingawa ndege hizo hizo zinapita juu ya bati la banda la baba kiasi cha kutikisa vikombe.

Mkuu wa maabara, mtu mpole mwenye shati lililonyooshwa kila siku, aliniuliza kwa nini nisimnunulie mzee kipimajoto cha kawaida cha waya. Nilimwambia nilishamnunulia viwili. Cha kwanza waya wake ulikanyagwa na wabeba chungu, cha pili uliungua kwenye oili chafu inayowashia tanuri. Banda lina watu sita wanaozunguka moto mmoja. Waya sakafuni pale haumalizi siku.

"Sawa," akasema. "Mradi unatudai jaribio moja la nje ya maabara. Kapime huko kwenu."

Alisema "huko kwenu" kama mtu anayetaja mahali pa kutupia kitu. Niliibeba kauli ile kifuani mpaka nyumbani, lakini vitambuzi nilivibeba mkononi, na hilo ndilo lililokuwa la maana.

Fuwele niliiweka ndani ya bomba jembamba la kauri, ncha yake ya chini imezibwa, ili ichovywe ndani ya alminiamu yenyewe. Waya mfupi wa platinamu ulipanda ndani ya bomba hadi kwenye antena ndogo juu. Kipokezi kilikuwa na kioo cha tarakimu. Nilipomwonyesha baba sebuleni alikishika, akakigeuza, akakisogeza puani kama anayenusa samaki.

"Inasomaje?" akaniuliza.

Kumbe nilikuwa nimemtengenezea kioo mtu asiyeona. Miaka minne ya kuhesabu mitikisiko isiyosikika, na hilo halikunijia kichwani. Nilikichukua, nikakifungua, nikafunga kengele ndogo ya umeme ndani yake: joto likifika mahali pake inalia, likizidi inalia harakaharaka. Baba aliisikiliza mara mbili.

"Hii nimeielewa," akasema.

Siku ya jaribio tuliwaambia watu bandani kwamba ni mambo yangu ya shule. Baba alisimama mahali pake pa siku zote, mikono nyuma, uso umeelekea tanuri ila macho ameyafumba. Nilikaa kwenye ndoo iliyopinduliwa na kipokezi mapajani. Tarakimu zilipanda vizuri, nikajiona nimeshinda. Skrepa zikayeyuka, vipande vya fremu za madirisha na masufuria mazee yaliyopondwa. Hapo baba akatia mkono kwenye kopo, akachota gao la chumvi na kulitupa chunguni.

Moshi mweupe ukapanda. Ndivyo inavyofanywa: chumvi inautenga uchafu, unaelea juu, mtu anaukomba kwa upawa mrefu. Tarakimu zikaruka, zikarudi nyuma, zikaruka tena. Kisha kioo kikabaki na vistari vitupu.

Kengele haikulia. Baba alisubiri. Watu wote walisubiri wakimtazama yeye, na mimi nilikuwa natikisa kipokezi kama redio mbovu. Ndege ikapita. Ilipomaliza kupita baba mdogo akakohoa, na kile kikohozi kilikuwa na maneno ndani yake.

"Imeiva," baba akasema, kwa kubahatisha.

Walimimina. Sufuria likatoka, wakalijaza maji na kuliacha usiku kucha. Asubuhi mchanga wa chini yake ulikuwa umelowa.

"Hili halijafika kwa mteja," baba mdogo akasema, na namshukuru kwa hilo. "Kwa hiyo silihesabu. Ila ni la mwisho nisilolihesabu, kaka."

Nyumbani niliwaka.

"Baba, mbona hukuniambia kuhusu chumvi? Kauri ile mdomo wake haukuzibwa vizuri, moshi wa chumvi umeingia!"

"Mbona hukuuliza?"

"Ningeulizaje kitu nisichokijua?"

Mama, aliyekuwa anachambua mchele, aliinua kichwa. "Wewe hukijui? Nani alikuwaga anatumwa dukani kununua hiyo chumvi?"

Ni mimi. Kila Jumatatu, nikiwa na sare ya shule ya msingi, nilibeba pakiti za chumvi kifuani mpaka bandani, na baba alinipokea kwa mikono miwili kama nimeleta mgeni. Nilikuwa najua kwamba msubu hukubali kukosa chai lakini hakosi chumvi. Nimekwenda kusomea joto, nimerudi na kitambuzi kilichojaribiwa kwenye hewa safi ya tanuri la umeme, na chumvi nimeisahau. Niliona aibu, na aibu yangu huwa inatokea mlango wa hasira.

"Basi siku nyingine usitie," nikasema. "Mara moja tu, mpaka tuone kinafanya kazi."

Baba alicheka, kicheko kifupi.

"Sikiliza, mama," aliniambia. Ananiitaga hivyo tangu nizaliwe, kwa kuwa nimebeba jina la mama yake. "Nikitoa chumvi, uchafu unabaki ndani, sufuria halina maana. Mie sitajifunza kusubu upya kwa ajili ya kidude. Kidude ndicho kijifunze chumvi."

Nililala na neno hilo. Asubuhi nilipoamka lilikuwa bado ni la kweli.

Maabarani nilipasua lile bomba na kuitazama fuwele kwa hadubini. Mdomoni mwa bomba kulikuwa na ukoko mweupe, umeteremka na waya hadi chini. Utando wangu, uliostahimili siku nzima kwenye tanuri la umeme, ulikuwa umebanduka pembeni na kubaki vitone. Nilimwita mkuu wa maabara akaja, akatazama, akasikitika kwa adabu. Kisha akaniletea fomu ya taarifa, ameshaijaza ili kunirahisishia. Kwenye sehemu ya chanzo cha hitilafu aliandika: mtumiaji hakufuata maelekezo.

"Maelekezo yapi, Dokta?" nikamuuliza.

"Kwamba kisikutane na chumvi."

"Hatukuandika hayo popote."

"Ndiyo maana tunaandika sasa. Weka sahihi, tufunge. Watu wa kule hawako tayari kwa teknolojia hii, hakuna anayekulaumu wewe."

Nilijua kabisa ninachotakiwa kufanya ili mkataba wangu uendelee. Nilijua pia mtumiaji ni nani. Ni mtu aliyenilipia shule kwa masufuria, ambaye kidato cha nne alinisimamia kila jioni nikisoma kwa sauti, eti anasahihisha, na kumbe yeye mwenyewe aliishia darasa la tatu. Kumwandika kwamba hakufuata maelekezo, kisha karatasi hiyo ikae kwenye kabati la chuo, hapana. Nilichukua kalamu, nikapiga mstari juu ya sentensi ya mkuu wangu na kuandika chini yake: "Mtumiaji alitia chumvi kama anavyotia siku zote. Kitambuzi ndicho kilichoshindwa kumfuata." Hapo ndipo nikaweka sahihi.

Aliisoma mara mbili. Shati lake halikukunjamana, lakini shingo ilibadilika rangi.

"Umeharibu fomu," akasema.

"Nimeisahihisha."

"Unajua mradi huu nikiupeleka hivi utaonekana umeshindwa?"

"Umeshindwa, Dokta. Tunaweza kuuacha ulivyo au kuurekebisha. Ila hatuwezi kumsingizia mzee."

Sikuwa jasiri kama maneno hayo yanavyosikika. Kichwani nilikuwa nahesabu miezi iliyobaki kwenye mkataba wangu. Alitazama tena ndani ya hadubini, safari hii kwa kirefu. Nadhani mtafiti aliyekuwa ndani yake alimshinda mkuu. Akasema ana wiki mbili kabla ya mashine ya kutandika tabaka kupewa kundi lingine. Vipande vilivyobaki kwenye kisanduku cha vibovu nikavitumie nitakavyo. Baada ya hapo hataki kusikia habari za masufuria.

Wiki mbili zile niliishi na pakiti za chumvi. Nilinunua zile zile, duka lile lile la Kiwalani, maana chumvi ya maabara ni safi mno na baba hasubu kwa chumvi safi. Wenzangu waliniuliza kama nafungua mgahawa. Nikawaambia ndiyo, waje na sahani. Kwenye tanuri bovu lililotupwa uani niliyeyusha alminiamu na kumwaga chumvi juu ya vitambuzi vyangu kimoja baada ya kingine. Cha kwanza kilikufa kama kile cha bandani. Cha pili nilikitandika tabaka jipya la kauri ya alumina juu ya platinamu yote, kikadumu kidogo kikafa, kwa sababu tabaka lilikuwa na nyufa. Cha tatu nilikitandika polepole, tabaka jembamba juu ya jembamba, nikikipumzisha kwenye joto kati ya moja na jingine. Mdomo wa bomba nao niliuziba kwa udongo wa kauri na kuuchoma. Nikamwaga chumvi. Tarakimu zikayumba, zikarudi mahali pake. Nikamwaga tena. Nilimaliza pakiti mbili na bado kilikuwa kinajibu. Nililia pale uani peke yangu, nikajifuta na mkono wenye chumvi, macho yakaniwasha mpaka jioni.

Jumamosi niliyokipeleka bandani ilikuwa ya oda ya sufuria kubwa kuliko yote, la watu wa Kipawa waliokuwa na harusi. Baba mdogo alikuwa ameshavaa glovu. Alipokiona kidude aliangalia pembeni.

"Leo tena?" akasema. "Kaka, sasa inayosubu ni redio, siyo wewe."

Baba alikuwa anakunja mikono ya shati. Hakuinua sauti.

"Miaka yote nilikuwa natumia macho," akasema. "Hukuwahi kusema yanayosubu ni macho. Leo natumia sikio, unacheka. Shika koleo lako."

Kuna mtu alicheka nyuma, na hakuwa anamcheka baba.

Skrepa zikaingia, oili ikawashwa, feni ikavuma. Baba alisimama mahali pake, lakini safari hii alilipa tanuri mgongo kama daktari alivyotaka, na watu wakatazamana. Mimi nilikuwa kwenye ndoo yangu upande wa mlango. Vipande vya mwisho vilipozama baba alinyoosha mkono, na mtu akampa kopo. Akachota gao moja na kulitupa kwa nyuma bila kugeuka, likaingia lote. Moshi ukapanda. Tarakimu ziliyumba, na mimi nilishika kipokezi kwa mikono miwili. Zikatulia.

Ndipo akachota gao la pili. Hakuwahi kutia mawili, maisha yake yote. Baba mdogo akasema, "Kaka!" lakini lilikuwa limeshatua chunguni. Moshi ulitufunika wote, tukawa tunakohoa na kupepea. Nilikuwa sioni hata kioo. Nilijua tu anachofanya: anakiuliza kidude changu mbele ya watu wote kama kweli kimejifunza.

Ndani ya moshi ule kengele ikalia.

Niliinuka kwenye ndoo bila kujua nimeinuka, nikaenda kando kupisha makoleo. Hakuna aliyesogea. Baba alisikiliza kengele ile, akaiacha ilie mara tatu, nne, kidevu kimeinuka kidogo, kisha akasema kwa sauti ya zamani, ile niliyoisikia nikiwa na pakiti kifuani:

"Imeiva."

Walimimina. Baba mdogo mwenyewe alishika koleo la mbele, na alipomaliza alivua glovu, akampa baba mkono. Sufuria lile lilijazwa maji likakaa mpaka kesho yake, mchanga ukabaki mkavu. Lakini hilo tulikuja kulijua baadaye. Siku ile, moshi ulipokuwa bado unatokea chini ya bati, baba aligeuka kwa fahari kuelekea kwenye ndoo iliyopinduliwa, ambapo hapakuwa na mtu tena, akaitabasamia.

"Mama, umeona?" akaiuliza ndoo.

Baba mdogo alikuwa anatutazama. Nilizunguka nyuma ya watu haraka haraka, nikaruka kalibu, nikaenda kusimama pale alipokuwa anatazama.

"Nimeona, baba," nikasema.